64, 49, 61: Moyo wa dada ulishuka kweli au tulibadilisha mizani?

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Leicester, Uingereza, baridi imeshaanza huku na vidole vinaganda hata kwenye simu, ila nimeona nikinyamaza nitajilaumu. Kwenye ukurasa wenu wa afya mlitoa makala kuhusu vipimo vya moyo kwa wagonjwa wa kansa, makala nzuri tu na mwandishi kajitahidi, lakini kuna sentensi moja ilinikaa kooni kama mwiba wa changu, kwamba kipimo cha nyuklia kinatoa jibu la uhakika kuhusu nguvu ya moyo, ukishapata namba yako basi umemaliza. Sasa mimi kazi yangu ni hiyohiyo. Mzaliwa wa Tanga, tangu 2009 niko kwenye kamera ya gama, ile inayonasa mionzi kutoka mwilini, nawachoma watu sindano, nawalaza, napiga picha za moyo, nachora mstari kwenye kompyuta na namba inatoka. Naipenda hii kazi na hicho kipimo nakiamini. Ila "umemaliza"? Hapana jamani.

Nieleze kwanza hii namba ni kitu gani manake wengi wanaisikia tu ikitajwa. Moyo una chumba cha chini upande wa kushoto, ndo hicho kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Kikijaa tuseme kina mililita 120, kikijikaza hakitoi zote, kinatoa 70 hivi na nyingine zinabaki. Ile asilimia iliyotoka ndo madaktari wanaiita EF. Kwa hiyo mwenye 60 asijione kama mtoto aliyeleta 60 kwenye hesabu nyumbani, hakuna moyo mzima unaotoa 100. Ukiwa hamsini na kitu kwenda juu uko vizuri.

Na kwa nini mgonjwa wa kansa ya titi apimwe moyo? Kwa sababu ya dawa. Kuna ile doksorubisini, wagonjwa wanaiita dawa nyekundu, ukitoka pale unakojoa mkojo kama juisi ya rosela. Ile dawa inaua kansa lakini inakula misuli ya moyo taratibu na kinachoharibika mara nyingi hakirudi. Hesabu zilizotolewa 1979 zilisema ukifikisha jumla ya miligramu 550 kwa kila mita moja ya mraba ya mwili, wagonjwa kama 7 kati ya 100 wanapata moyo kushindwa kazi. Mwaka 2003 hesabu ikarudiwa kwa wagonjwa wengine, ikaja 26 kati ya 100. Alafu kuna Herceptin, ya wale wenye kansa ya aina ya HER2, hii nayo inalegeza moyo ila kwa njia nyingine, na ukisimamisha dawa moyo mara nyingi unarudi. Kwenye utafiti uliochapishwa 2001 waliopewa Herceptin pamoja na dawa za ukoo wa ile nyekundu, 27 kati ya 100 mioyo yao iliyumba, wale waliopewa nyekundu bila Herceptin walikuwa 8. Ndo maana siku hizi hazitolewi kwa pamoja, unamaliza nyekundu kwanza ndo unaanza Herceptin, na moyo unapimwa kabla ya kuanza na kila baada ya miezi mitatu hivi.

Sasa nije kwa dada yangu, manake bila yeye nisingeandika.

Dada mkubwa yuko Dar. Alipata dawa nyekundu mizunguko minne, jumla miligramu 240 kwa kipimo hichohicho, yaani mbali kabisa na 550. Kabla ya Herceptin wakampima moyo kwa eko, ile mashine ya mawimbi ya sauti kama ya wajawazito, akapata 64. Safi. Akaanza dawa, kila wiki tatu dozi moja, zote zinatakiwa 18. Alipofika ya saba familia tukachangishana kwenye grupu aende India akaangaliwe upya, si unajua watu wetu, mpaka India ishuhudie ndo roho inatulia. Kule wakampima moyo kwa nyuklia, kipimo kinaitwa Muga. Ripoti ikasema 49.

Karudi Dar na ile karatasi. Daktari wake akatoa kanuni, na kanuni hiyo ipo kweli wala hakuitunga: EF ikishuka pointi 10 au zaidi kutoka ulipoanzia na ikawa chini ya 50, simamisha Herceptin, pima tena baada ya wiki tatu hivi. Toa 49 kwenye 64 unapata 15, na 49 iko chini ya 50. Akasimamisha. Simlaumu, hospitali siitaji wala yeye simtaji. Lakini wiki tatu zikawa tisa, mara mashine ya eko imeharibika, mara foleni, mara mpimaji yuko likizo, na dada kakosa dozi tatu, anakaa nyumbani anahisi kansa inamrudia na moyo unamwishia kwa wakati mmoja. Hapandi ngazi. Hafui. Watoto wakaanza kumbebea hata birika.

Eko ya pili ikaja: 61.

Nilipigiwa usiku. Nikasema shikamoo dada, akaitika marahaba kwa haraka kama anafukuzwa, akaniuliza hivi, "Mdogo wangu, wewe unayeshinda na hizo mashine, hebu niambie, moyo unaweza kufa na kufufuka ndani ya miezi miwili?"

Nikamwambia nitumie picha ya ile ripoti ya India. Akaipiga ikiwa juu ya kitambaa cha meza cha maua, nikaivuta kwenye skrini mpaka pikseli zikaonekana, na nilichokiona ndo kinanifanya niandike barua ndefu hivi.

Ili muelewe nilichoona lazima niwaeleze Muga inavopigwa. Mgonjwa anachomwa sindano ya kwanza yenye madini ya bati, hiyo haina mionzi, inaingia kwenye chembe nyekundu za damu inaziandaa. Tunasubiri dakika 20 mpaka 30. Alafu sindano ya pili, teknesiamu, hii ndo yenye mionzi, inafika inanasa kwenye zile chembe. Sasa damu yake yote inawaka, sio kwa macho, inawaka kwa kamera. Tunambandika waya za ECG kifuani, zile za kusoma mapigo ya moyo, kamera inakaa dakika kama 10 juu ya moyo, na kila moyo ukipiga kompyuta inalikata hilo pigo vipande 16 au 24, inapanga kipande cha kwanza na cha kwanza, cha pili na cha pili. Mapigo 70 kwa dakika mara dakika 10 ni mapigo 700 yamelundikwa yakawa pigo moja. Unakaa pale unaangalia moyo wa mtu unapiga kwenye skrini, pigo moja linajirudia rudia, ni kitu kizuri sana kukiangalia, mpaka leo sijakizoea.

Uzuri wa Muga ni kwamba haijali umbo la moyo. Eko inapima umbo, inachora ukuta, inakisia ujazo. Muga inahesabu tu. Damu nyingi, mionzi mingi. Chumba kikijaa tunahesabu, kikijikaza tunahesabu, tunatoa, tunagawanya, basi.

Tatizo liko kwenye "basi".

Moyo hauko peke yake kifuani. Mbele yake na nyuma yake kuna mapafu, kuna mishipa, kuna ukuta wa kifua, vyote vina damu na vyote vinawaka. Kwa hiyo ukizungushia mstari kile chumba, ndani ya huo mstari kuna mionzi ya chumba na mionzi ya jirani. Lazima uitoe ya jirani. Tunafanyaje? Tunachora kaboksi kengine kadogo pembeni ya moyo, mara nyingi kama kipande cha mwezi mwandamo, tunasema hii ndo mionzi ya jirani, kompyuta inaitoa.

Chukua mfano wa namba rahisi nilizotunga ili hesabu ikae vizuri. Chumba kikiwa kimejaa tumehesabu 20,000. Kikijikaza 11,000. Tofauti ni 9,000, hiyo haibadiliki. Sasa nimeweka kaboksi sehemu sahihi, jirani imetoka 6,000, kwa hiyo damu ya chumba chenyewe ilikuwa 14,000. Gawanya 9,000 kwa 14,000, EF ni 64. Mwenzangu ana haraka, kaboksi kakatupa mbali huko kwenye kona ambako hakuna damu ya maana, jirani ikatoka 2,000 tu. 9,000 kwa 18,000, EF ni 50. Wa tatu naye kaboksi kake kakaangukia juu ya bandama, na bandama inawaka kama taa ya Krismasi, jirani ikatoka 8,000. 9,000 kwa 12,000, EF ni 75.

Moyo uleule, mtu yuleyule, picha ileile, hajanyanyuka hata kitandani. 50, 64, 75. Kimehama kidole kwenye mausi tu.

Kwenye picha ya dada kaboksi kalikuwa mbali. Kako kwenye weusi kabisa, kona ya chini, mtu yeyote wa fani angekaona. Nilikaa nakaangalia mpaka chai ikapoa. Sasa siwezi kuapa kwamba 49 ilikuwa ya uongo, ile ni picha ya simu juu ya kitambaa cha maua, sina namba zenyewe za kamera. Ninachoweza kusema ni kwamba kaboksi kikikaa pale EF inashuka, haipandi.

Msije mkadhani nawasema watu wa India tu. Mimi mwenyewe nimewahi kukosea, na ilikuwa hukuhuku ambako kila kitu kina fomu. Mwaka wangu wa tatu kazini, mzee mmoja mcheshi sana, ananiambia mwanangu fanya haraka mechi inaanza saa tisa. Nikaharakisha. Kamera inatakiwa iinamishwe upande wa kushoto wa mgonjwa karibu digrii 45, lakini sio 45 ya kitabuni, ni ile ambayo kwa huyo mtu inakuonesha vyumba viwili vya chini vimetengana na katikati kuna ukuta mweusi umesimama wima kama mwanya wa mlango. Kila mtu moyo wake umekaa kivyake, mrefu mwembamba hakai kama mfupi mnene. Mi nikaacha kwenye digrii 30, nikaona ukuta kwa mbali nikasema inatosha. EF ikaja 41. Mkubwa wangu akaangalia picha, hakusema kitu, akanyoosha tu kidole pale ambapo chumba cha kulia kilikuwa kimelalia cha kushoto. Tukamrudisha mzee kitandani, dawa bado imo mwilini haihitaji sindano nyingine, tukainamisha vizuri. 52. Mechi ilimpita kipindi chote cha kwanza na alinisamehe, ila nilijiuliza kama yule mkubwa angekuwa likizo siku ile ingekuwaje. Ile 41 ingepigwa chapa, ingeenda kwa daktari wa kansa, na hakuna mtu angeigusa tena manake namba ikishaandikwa kwenye karatasi yenye nembo inakuwa kama imeshuka mbinguni.

Na kuna mengine nitayapita haraka. Mwenye moyo unaodunda bila mpangilio, kompyuta inashindwa kulundika mapigo sawasawa, pigo refu linachanganyika na fupi, namba inayotoka ni ya kuifikiria mara mbili. Sindano ikipitishwa kwenye mpira wa mshipani uliosafishwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, teknesiamu haishiki kwenye damu vizuri, badala yake tumbo na koo vinawaka, ukiona tumbo linang'aa kuliko moyo jua kuna kitu kimeenda mrama. Alafu kuna kile kipimo kingine cha nyuklia, cha kuangalia kama misuli ya moyo inapata damu, ile kamera inayozunguka, nayo siku hizi inatoa EF kama nyongeza, watu wanachanganya wanaona zote ni nyuklia basi ni sawa. Sio sawa. Ile kwa mwanamke mwenye moyo mdogo, chumba kikijikaza kinakuwa kidogo kiasi kwamba kamera haioni uwazi uliobaki, inadhani damu yote imetoka. Ndo hapo unakuta mama mwembamba kapewa 84 anashangilia kwenye grupu kwamba moyo wake ni wa mwanariadha. Na ukipiga kwa vipande 8 badala ya 16 ile namba inashuka pointi kadhaa. Yaani hata kabla hujagusa mgonjwa, kule kuchagua 8 au 16 kwenye menyu kumeshaamua kitu.

Baada ya kusema yote haya mtu ataniuliza, sasa unakitetea au unakiponda? Nakitetea, tena sana. Kikipigwa vizuri na watu walewale kwenye kamera ileile, Muga inarudia namba yake ndani ya pointi kama 5. Ndo maana tangu 1979, pale watu wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani walipoonesha kwamba ukimpima mgonjwa mara kwa mara kwa nyuklia unaweza kuuona moyo unashuka kabla mgonjwa hajaanza kuhema, madaktari wa kansa walikishikilia. Eko ya kawaida inategemea sana mkono wa mpimaji na mbavu za mgonjwa, na fikiria mama aliyekatwa titi la kushoto, kovu limekaza, kachomwa mionzi ya tiba pale juu, yule wa eko anatafuta pa kupenyeza mawimbi anahangaika. Eko ya kawaida inaweza kuhama pointi 10 bila moyo kuhama. Zipo eko mpya za pande tatu ambazo zimetulia zaidi, na ipo MRI ambayo wengi wanaichukua kama ndo ya kulinganishia zingine zote, ila bei yake mnaijua.

Sasa angalia ile kanuni ya pointi 10. Inafanya kazi kwa sababu inadhani mizani ni moja. Mizani ikiyumba pointi 5, mtu akishuka 10 unasema hapa kuna jambo. Lakini ukitoka kwenye eko kwenda kwenye Muga kisha ukarudi kwenye eko, umetoa namba ya mizani hii kwenye namba ya mizani ile, hiyo sio hesabu tena. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki analijua hili. Mwezi huu mtoto kapimwa na nepi na sweta, mwezi ujao kapimwa uchi kwenye mizani nyingine, mstari kwenye kadi umeshuka, nesi anakugombeza humlishi mtoto. Ila kwa mtoto unarudi kesho unampima tena. Kwa dada yangu dozi tatu zimepita.

Na kuna wa kuniambia, huenda moyo wa dada ulishuka kweli mpaka 49, wakasimamisha dawa, ukarudi mpaka 61, si umesema mwenyewe moyo wa Herceptin unarudi? Ndio. Inawezekana kabisa. Labda yule daktari alimwokoa. Hapa ndo penye uchungu wangu wote Mhariri, kwamba hatutajua. Sio mimi, sio daktari wake, sio wale wa India. Kama 64 ingekuwa ya Muga na 49 ya Muga ningejua. Kama ile ya katikati ingekuwa eko ningekuwa na pa kushika angalau. Zilivochanganywa hivi, hadithi mbili tofauti kabisa zinaingia kwenye namba zilezile tatu, moja dada ni mzima na kanyimwa dawa bure, nyingine dada alikuwa kwenye hatari na kaponea chupuchupu. Na hilo swali litamfuata kila wakiongeza dozi.

Kuchanganya huku sio tatizo la Dar peke yake wala la umaskini. Nilivoingia kazini 2009 ndo mwaka ule wa balaa. Teknesiamu haihifadhiki, baada ya saa sita nusu yake imekwisha, kwa hiyo hospitali inaletewa jenereta yenye molibdenamu ambayo yenyewe inakwisha nusu kwa saa 66, na kila asubuhi tunakamua teknesiamu kutoka humo, kwa utani tunaiita ng'ombe. Hiyo molibdenamu inatengenezwa kwenye vinu vya nyuklia vichache tu duniani, vingine vizee kuliko mimi. Mei 2009 kinu cha Chalk River kule Kanada kikavuja kikafungwa mpaka Agosti 2010, na katikati hapo kinu cha Petten cha Uholanzi nacho kikafungwa kwa matengenezo. Ng'ombe wakakauka. Wagonjwa walioanza kwa Muga wakapelekwa eko kwa sababu hakuna namna, na mimi mgeni kazini nikaona madaktari wazima, waliosoma, wanaweka 58 ya Muga na 51 ya eko kwenye mstari mmoja wa karatasi na kuchora mshale wa kushuka katikati. Kwa hiyo najua inavotokea. Inatokea kwa sababu karatasi haisemi.

Na hili ndo ombi langu kwa hospitali za nyumbani, na halihitaji mfadhili wala mashine mpya. Ripoti ya moyo isiandikwe EF 49 peke yake kama bei ya nyanya. Iandikwe imepimwa kwa nini, eko au Muga au ile ya kuzunguka, kwa mashine gani, mapigo yalikuwa yamepangika au la, vipande vingapi, na picha yenye ile mistari na kaboksi iambatishwe, sio ibaki kwenye kompyuta ya hospitali. Na pembeni iandikwe namba ya mara iliyopita na ilipimwa kwa njia gani. Mgonjwa akihama hospitali, au akisafiri kama dada, aondoke na picha zenyewe kwenye CD au flashi, asiondoke na namba tupu. Na kama namba imeshuka ghafla lakini mtu hahemi, miguu haijavimba, analala chali bila shida, basi kabla ya kuitangazia familia, mtu mwingine akae achore ile mistari upya kwenye picha zilezile. Ni kazi ya dakika 15, mgonjwa wala hahitaji kuwepo. Daktari wa kansa naye asione aibu kupiga simu kwa wapimaji na kuuliza hii mmeipataje. Huku wananipigia, na siku wakinipigia mi huwa naifungua picha tena na moyo unanidunda, ila naifungua.

Kwenu gazeti, mkirudi kwenye mada hii mtafuteni mpimaji mmoja hapohapo Dar awaoneshe kwenye skrini, mkae naye mchana mmoja, mtaandika kitu tofauti.

Ah, na jambo dogo, kwa sababu jirani ya dada aliwakataza watoto wake wasiende kwake wiki nzima eti ana nyuklia. Teknesiamu ikifika saa 24 imebaki sehemu moja kati ya 16, na mwili nao unaitoa kwa mkojo. Jumla ya mionzi anayopata mgonjwa kwa Muga moja ni kama ile ya asili tunayopata wote kwa miaka miwili au mitatu tukiwa tumekaa tu. Siku ile usimkumbatie mtoto mchanga muda mrefu na usiende kukaa na mjamzito, basi. Wiki nzima ni umbea.

Dada amerudi kwenye dawa, jana kapata ya 14. Kipimo kingine cha moyo ni mwezi ujao. Kanipigia tena leo asubuhi, safari hii anacheka, anasema alikwenda dirishani kuchukua tarehe akamuuliza yule binti wa mapokezi, mwanangu, mashine ni ileile ya mwanzo na anayepima ni yuleyule? Binti akamwangalia, akasema mama hilo swali hajawahi kuulizwa. Akanyanyuka akaenda ndani kuuliza. Dada anasema alikaa huko dakika kama kumi, foleni nyuma inanung'unika, na yeye kasimama tu kashika kadi yake anamsubiri.

Naomba jina langu lihifadhiwe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Leicester, Uingereza